Ofisi ya ukaguzi au kiwandani? Njia mbili za mhasibu kijana wa Simiyu

Kila mwaka familia nyingi za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega huuza pamba, choroko, dengu au hata ng'ombe ili mtoto akasome uhasibu. Miaka mitatu au zaidi hupita. Kijana anarudi na cheti chake, na swali linaanza mezani: aende kwenye ofisi ya ukaguzi wa hesabu jijini, au atafute kazi kiwandani, benki au kwenye kampuni iliyo karibu na nyumbani?

Si swali dogo. Uamuzi wa miaka miwili au mitatu ya kwanza ndio mara nyingi huamua kama kijana atafikia cheti kikubwa cha taaluma hiyo, kinachojulikana kwa herufi tatu, CPA, au atabaki karani wa vitabu kwa muda mrefu. Tena linatugusa hata sisi tusio na mtoto chuoni, kwa sababu fedha za pamba yetu hupita kwenye vitabu vya mtu fulani. Katika makala hii tunaeleza njia hizo mbili zinavyokwenda, kila moja inatoa nini na inachukua nini, na Simiyu yenyewe ina nafasi gani.

Kwanza tuelewane: CPA si mtumishi wa serikali

Watu wengi wakisikia "mhasibu wa umma" wanadhani ni mhasibu wa halmashauri au wa wizara. Sivyo. Neno "umma" hapa lina maana kwamba mhasibu huyo anatoa huduma kwa yeyote anayemhitaji: kampuni, shule, chama cha ushirika, shirika la dini au mfanyabiashara.

Mfikirie fundi cherehani. Kuna fundi mwenye kibanda sokoni, anayeshona nguo za kila anayekuja. Na kuna fundi aliyeajiriwa na shule moja kushona sare za shule hiyo tu. Wote ni mafundi, na pengine walijifunza kwa mwalimu mmoja. Mhasibu wa ofisi ya ukaguzi ni kama yule wa kibandani. Leo yuko kwa mteja huyu, wiki ijayo kwa mwingine. Mhasibu wa kiwandani ni kama yule wa shuleni. Anashughulikia vitabu vya mwajiri mmoja mwaka mzima.

Msimamizi wa taaluma nzima nchini ni Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972. Bodi hiyo ndiyo inayotunga na kusimamia mitihani ya CPA, inayofanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Ndiyo pia inayosajili wahasibu na kutoa kibali kwa ofisi za ukaguzi. Kufaulu mitihani peke yake hakutoshi. Bodi inataka pia uzoefu wa kazi unaothibitishwa, na anayetaka kufungua ofisi yake ya ukaguzi lazima awe amefanya kazi ya ukaguzi wenyewe.

Hapo ndipo njia zetu mbili zinapoanza kutofautiana.

Ofisi ya ukaguzi inatoa nini

Kijana anayeingia ofisi ya ukaguzi huanzia chini. Kazi yake ya kwanza ni kulinganisha stakabadhi na daftari, kuhesabu mali ghalani, kuthibitisha salio la benki, na kuuliza maswali ambayo wenye vitabu hawapendi kuulizwa. Mwezi huu yuko kwenye hospitali ya misheni, mwezi ujao kwenye kampuni ya usafirishaji, halafu kwenye SACCOS ya walimu.

Faida kubwa ni wingi wa mambo anayojifunza kwa muda mfupi. Ndani ya miaka mitatu atakuwa ameona vitabu vya biashara za aina nyingi, vizuri na vibovu. Anajifunza kuandika ripoti, kuzungumza na wakurugenzi, na kuona mahali udanganyifu unapojificha. Anazoea pia viwango vya kimataifa vya utoaji wa taarifa za fedha, ambavyo Tanzania ilianza kuvitumia tangu Julai 2004. Mkubwa wake wa kazi kwa kawaida ni CPA, kwa hiyo uzoefu wake unathibitishwa bila shida. Ofisi nyingine humpa mfanyakazi likizo ya mitihani, na nyingine husaidia ada, kwa sababu ofisi yenyewe inahitaji wenye CPA.

Gharama yake nayo tuiseme. Ofisi kubwa za kimataifa, kama PwC, Deloitte, KPMG na EY, zina makao yake nchini Dar es Salaam. Ofisi ndogo za Kitanzania zipo Mwanza, Arusha, Dodoma na kwingineko, lakini nyingi nazo ziko mijini. Kijana wa Nkololo au Mwandoya atalazimika kupanga chumba, kununua maji na kulipa nauli kila siku kabla hajatuma hata shilingi nyumbani.

Kuna pia msimu wa kazi nzito. Kampuni nyingi hufunga hesabu Desemba 31, na sheria ya kodi ya mapato inataka ritani ya mwaka ifike TRA ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Kwa hiyo kati ya Januari na Juni ofisi za ukaguzi hulemewa. Kijana anafanya kazi hadi usiku, analala nyumba za wageni kwenye miji ya wateja, na mtihani wa Mei unamkuta katikati ya shughuli hiyo. Wapo wanaochoka na kuondoka kabla ya kumaliza.

Kiwandani na kwenye kampuni kuna nini

Mhasibu aliyeajiriwa na kiwanda, benki, kampuni ya ujenzi au shule binafsi anaishi maisha ya namna nyingine. Anaandaa malipo ya wafanyakazi, anafuatilia madeni ya wateja, anawasilisha makato ya kodi na ya hifadhi ya jamii, anatengeneza bajeti, na mwisho wa mwaka anawapokea wakaguzi wanaokuja kuangalia kazi yake.

Faida ya kwanza ni kuijua biashara moja kwa undani. Mhasibu wa kiwanda cha kuchambua pamba, akikaa miaka mitano, atajua kilo ngapi za pamba mbegu zinatoa kilo ngapi za nyuzi, gharama ya umeme kwa robota moja, na hasara inayotokea pamba ikilowana ghalani. Ujuzi huo una thamani. Watu wa aina hiyo ndio hupanda kuwa wakuu wa fedha, na wengine kuwa mameneja wa kiwanda kizima.

Faida ya pili ni utulivu. Saa za kazi zinajulikana zaidi, na anaweza kuishi nyumbani au jirani na nyumbani, akalima heka mbili zake na kuwaangalia wazazi.

Hasara kubwa ni kwamba anaweza kudumaa. Kampuni ndogo ikiwa na mhasibu mmoja tu asiye na CPA juu yake, kijana hana wa kumfundisha wala wa kumthibitishia uzoefu. Anarudia kazi ileile kila mwezi. Miaka sita inapita, na akiomba kazi kwingine anaulizwa cheti cha CPA ambacho hakuwahi kukianza.

Hasara ya pili ni shinikizo. Anayekulipa ndiye anayeweza kukuambia uandike namba isiyo ya kweli, iwe ni kupunguza mauzo ili kodi ishuke au kuongeza gharama ambayo haikuwepo. Mkaguzi naye hushinikizwa, lakini ana wateja wengi na ana ofisi nyuma yake. Mhasibu wa kampuni mara nyingi yuko peke yake chumbani na bosi. Kijana ajue mapema kwamba saini yake ni yake, na akiwa amesajiliwa NBAA anaweza kuadhibiwa kwa hesabu za uongo hata kama alitumwa.

Dunia ina somo maarufu kuhusu jambo hili. Kampuni ya nishati ya Enron ya Marekani ilifilisika Desemba 2001 baada ya kuficha madeni kwenye vitabu vyake. Mkaguzi wake, Arthur Andersen, alikuwa miongoni mwa wakubwa watano duniani, na alikuwa akilipwa na Enron fedha nyingi kwa ushauri pamoja na ukaguzi. Mwaka uliofuata ofisi hiyo iliacha kazi ya ukaguzi nchini humo. Wahasibu wa ndani walikosea, na wakaguzi wa nje walikosea pia. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba upande mmoja ni wa watu waaminifu na mwingine wa wezi.

Mshahara: usiishie kwenye namba ya barua

Wazazi wengi huuliza kwanza, "Wanalipa ngapi?" Ni swali la haki. Lakini namba iliyoandikwa kwenye barua ya ajira siyo inayofika mkononi. Tufanye hesabu ya mfano, namba zikiwa zetu wenyewe kwa ajili ya kuelewa.

Kijana ana barua mbili. Ya kwanza ni ofisi ya ukaguzi jijini, shilingi 800,000 kwa mwezi. Ya pili ni kampuni iliyoko Bariadi, shilingi 650,000. Alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Katika sekta binafsi mfanyakazi hukatwa asilimia 10 kwenda NSSF. Kodi ya mshahara, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, haigusi shilingi 270,000 za kwanza. Kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, na kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20. Mkopo wa elimu ya juu unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Kwenye barua ya 800,000:
- NSSF: 80,000
- Kodi: 60,000
- Mkopo: 120,000
- Zinazobaki mkononi: 540,000

Kwenye barua ya 650,000:
- NSSF: 65,000
- Kodi: 33,000
- Mkopo: 97,500
- Zinazobaki mkononi: 454,500

Tofauti ya 150,000 kwenye barua imekuwa 85,500 mkononi. Sasa toa kodi ya chumba jijini, nauli ya kwenda na kurudi siku 26, na chakula cha mchana. Utaona kwamba anayelipwa kidogo Bariadi, akiwa anaishi kwa wazazi, anaweza kubaki na fedha nyingi zaidi kuliko mwenzake wa jijini.

Lakini hesabu haiishii mwezi wa kwanza. Mwenye 800,000 kwenye ofisi ya ukaguzi, akimaliza CPA, ana nafasi ya kupanda haraka au kuchukuliwa na kampuni kubwa kwa mshahara mwingine kabisa. Kwa maneno mengine, miaka ya kwanza ya ukaguzi inafanana na kulima: unatanguliza gharama na mavuno yanakuja baadaye. Na kama kilimo, mvua inaweza isinyeshe. Asiyefaulu mitihani atakuwa amebeba gharama za jiji bila kuvuna alichokifuata.

Jambo jingine ni ajira za msimu. Viwanda vya kuchambua pamba hufanya kazi miezi michache baada ya soko kufunguliwa, kwa kawaida kuanzia Mei. Kama mkataba ni wa miezi sita kwa 900,000, mwaka mzima utapata 5,400,000. Kazi ya kudumu ya 550,000 kwa mwezi inatoa 6,600,000. Barua yenye namba kubwa ndiyo yenye fedha kidogo.

Simiyu ina nafasi gani

Mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2012, na sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.1. Kwa pamba, Simiyu ndiyo inayoongoza nchini. Kuna viwanda vya kuchambua pamba, kama kile cha Alliance Ginneries cha Kasoli wilayani Bariadi, na Meatu kuna bioRe inayonunua pamba-hai. Kuna matawi ya benki, shule binafsi, vituo vya mafuta, wakandarasi na wafanyabiashara wa nafaka. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, yenye urefu wa kilometa 341, inapita Malampaka wilayani Maswa, na kila mradi wa namna hiyo huleta makandarasi wadogo wanaohitaji watu wa vitabu.

Vilevile kuna halmashauri sita, kila moja ikiwa na mweka hazina, wahasibu na wakaguzi wa ndani. Nafasi hizo hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, na ushindani wake ni mkubwa. Hiyo ni njia ya tatu, yenye faida zake. Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 tu kwenda PSSSF huku mwajiri akichangia 15. Ila kijana asikae nyumbani miaka minne akisubiri tangazo la serikali. Uzoefu wa kampuni au wa ofisi ya ukaguzi humsaidia hata kwenye usaili huo.

Nafasi ambayo haizungumzwi sana iko kwenye ushirika. Karibu pamba yote ya mkulima mdogo hupita AMCOS: mizani ni ya AMCOS, karani ni wa AMCOS, fedha za mnunuzi hupitia huko. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inataka hesabu za kila chama zikaguliwe kila mwaka. Mkaguzi mkuu wa vyama hivyo ni COASCO, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1982, na wakaguzi binafsi walioidhinishwa nao hufanya kazi hiyo. Aprili 2025 ilizinduliwa Benki ya Ushirika Tanzania jijini Dodoma. Benki yoyote, ya ushirika au isiyo ya ushirika, ikitaka kukopesha chama huanza kwa kuuliza hesabu zilizokaguliwa. AMCOS yenye vitabu vibovu haitakopesheka, na wanachama wake watakosa pembejeo kwa wakati.

Kwa hiyo mhasibu anayezijua hesabu za ushirika hatakosa kazi mkoani hapa. Shida ni kwamba AMCOS moja peke yake mara nyingi haina uwezo wa kumlipa mhasibu mwenye shahada mwaka mzima. Vyama kadhaa vikiungana kumwajiri mmoja, au vikitumia ofisi ndogo ya uhasibu iliyoko Bariadi au Maswa, hesabu inawezekana. Tunaliweka jambo hili mbele ya viongozi wa vyama na wa chama kikuu walifikirie.

Kwa nini wakulima wa pamba wanapaswa kujali

Wazee wa kanda hii wanaikumbuka historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakajiunga, wakaweka watu wao wa kusimamia mizani, na chini ya uongozi wa Paul Bomani likazaliwa mwaka 1955 shirikisho la vyama vya ushirika lililoitwa Victoria Federation, lililokuja kuwa miongoni mwa makubwa kabisa Afrika.

Jengo hilo kubwa halikubomoka kwa kukosa pamba. Katika miaka ya 1960 malalamiko juu ya hesabu, gharama za uendeshaji na ubadhirifu yaliongezeka, serikali ikaunda kamati ya kuchunguza ushirika mwaka 1966, na mwaka uliofuata ikaingilia uendeshaji wa shirikisho hilo. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa nchi nzima, na vikarudishwa kwa sheria ya 1982. COASCO iliundwa mwaka huohuo wa 1982, na haikuwa bahati tu: waliourudisha ushirika walijua kwamba bila ukaguzi ungeanguka tena.

Hata leo TAKUKURU imekuwa ikifuatilia fedha za wakulima zilizopotelea mikononi mwa viongozi wa vyama katika mikoa mbalimbali. Kufuatilia fedha iliyokwisha kuliwa ni kazi ngumu. Ni rahisi zaidi kuwa na mtu anayejua vitabu kabla haijaliwa, na mwingine asiye na urafiki na yule wa kwanza anayekuja kumkagua.

Ndiyo maana njia hizi mbili zinategemeana. Mwandika vitabu na mkaguzi hawawezi kuwa mtu mmoja. Mhasibu aliyeandaa hesabu za chama haruhusiwi kujikagua mwenyewe. Mkoa unahitaji wa aina zote mbili.

Basi kijana achague nini?

Kwa maoni yetu, jibu linategemea mambo matatu: kiwango cha elimu, lengo lake na mzigo wa nyumbani.

Mwenye shahada ya uhasibu, anayetaka CPA na asiye na watu wanaomtegemea kwa chakula cha leo, tunaona afadhali aanzie ofisi ya ukaguzi, hata ndogo ya Mwanza, kwa miaka mitatu. Shahada hiyo humwezesha kuanzia hatua ya kati ya mitihani ya NBAA badala ya hatua ya mwanzo. Kutoka ukaguzi kwenda kampuni ni rahisi. Kampuni hupenda kuchukua watu waliopita huko. Kurudi kutoka kampuni kwenda ukaguzi baada ya miaka sita ni kugumu, kwa sababu atalazimika kuanza tena chini na mshahara wa mwanzo.

Mwenye stashahada au astashahada, au mwenye wadogo wanaomtegemea ada, njia ya kampuni au SACCOS karibu na nyumbani ina maana zaidi. Apate kipato, na huku aendelee kusoma. NBAA ina mitihani ya ngazi ya mafundi hesabu kwa wasio na shahada. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kina kampasi hapa Simiyu, Taasisi ya Uhasibu TIA na Chuo cha Elimu ya Biashara CBE zina kampasi Mwanza, na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina taasisi yake Kizumbi, Shinyanga. Siyo lazima kila anayesoma uhasibu aende Dar es Salaam.

Na anayeota kufungua ofisi yake Bariadi siku moja hana njia ya mkato. Lazima apite ukaguzi, apate CPA na kibali cha NBAA. Wateja wapo. Mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya mwaka yanazidi kiwango kilichowekwa na sheria anatakiwa kuwa na hesabu zilizokaguliwa, na kampuni iliyosajiliwa nayo inatakiwa kupeleka TRA hesabu zilizothibitishwa na mhasibu mwenye kibali. Wengi wa mkoa huu husafiri hadi Mwanza kwa ajili ya saini hiyo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Kijana na wazazi wake wakae pamoja na barua ya ajira, waulize haya:

1. Je, kuna CPA ndani ya ofisi hiyo atakayemsimamia na kumthibitishia uzoefu wake?
2. Je, mkataba ni wa kudumu, wa muda maalumu au wa msimu? Sheria ya ajira inamtaka mwajiri atoe maelezo ya kazi kwa maandishi. Neno la mdomo halitoshi.
3. Je, mwajiri anapeleka michango NSSF kweli? Mfanyakazi anaweza kuangalia salio lake mwenyewe, na aangalie kuanzia mwezi wa tatu.
4. Je, kuna likizo ya mitihani ya Mei na Novemba?
5. Posho ya safari inalipwa kabla ya safari au baada ya miezi miwili?
6. Aliyekuwa kwenye nafasi hiyo kabla yake yuko wapi sasa? Kama amepanda cheo, ni dalili njema. Kama watatu wameondoka ndani ya mwaka mmoja, waulize kwa nini.

Swali la mwisho halihitaji kuandikwa kwenye barua. Mara nyingi linapatikana kwa kumpigia simu mtu mmoja anayeifahamu ofisi hiyo.

Kwa wazazi tunaongeza jambo moja. Kijana akichagua ofisi ya ukaguzi, mwaka wa kwanza na wa pili msitegemee atume fedha nyingi nyumbani, wala msimwone amewasahau. Mkubaliane mapema kiasi anachoweza kutuma, hata kama ni 30,000 kwa mwezi, na mumwachie zinazobaki alipie mitihani. Na akichagua kubaki Bariadi kwenye kampuni, msimwone ameshindwa maisha. Muulizeni kila Mei na Novemba kama amejiandikisha kwa mtihani.